Mtoto wa tarehe 1: mipangilio tuliyofungia ndani ya TFC zetu



Wengi wetu tunaandika programu, na kuna maandishi moja ambayo tunapenda kuyataja tukitaka kuonekana watu wa kazi: The Twelve-Factor App. Yanasomwa bure kwenye intaneti, na tafsiri ya Kifaransa iko. Yalitoka kwa watu wa Heroku mwaka 2011, Adam Wiggins akiwa mbele. Yana sura 12, fupi fupi. Leo ninataka kupima sura moja tu, ya tatu, ile inayosema kwamba mipangilio ya programu, yaani ile tuliyofundishwa kwa jina la konfigirasio, isikae ndani ya programu yenyewe. Nitaisifu, kisha nitaipinga mahali pamoja. Lakini zaidi nitaitumia kupima kazi zetu wenyewe, zile TFC tulizopewa alama nzuri. Nitaanza na yangu, ili mtu asiseme ninaonea wengine.

TFC yangu ilikuwa programu ya kuandikisha uzazi kwenye maternite moja ya hapa mjini. Java, NetBeans, MySQL juu ya WampServer, kama karibu kila mtu wa promosio yangu. Nilidefanda vizuri, juri ikapenda hata rangi za madirisha. Baadaye wenye maternite wakaniomba niwawekee programu ile kwa kweli, iwasaidie kazi. Nikaweka. Faili moja tu ya .jar kwenye mashini ya mapokezi: unabonyeza mara mbili, inafunguka. Hakuna kujaza anwani, hakuna kuuliza neno la siri, hakuna kuchagua kitu. Nilikuwa ninajivuna kwa ajili ya jambo hilo. Niliona kwamba programu isiyouliza kitu njo programu nzuri.

Ikapita miezi. Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa pili, mama mkubwa wa wazalishaji akanipigia simu.

“Petit, kuya uangalie mashini yako. Huku kwa kitabu, mwezi wa kwanza niko na watoto makumi ine na moja. Mashini inasema makumi ine. Mutoto moja alienda wapi?”

Nikafika. Nikamjibu kama mtu aliyesoma: “Mama, pengine kwa kitabu mulihesabu mara mbili.”

Hakukasirika. Alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa mwaka. Mtoto msichana, alizaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza, saa sita na dakika makumi ine usiku. “Huyu, mimi njo nilimupokea na hii mikono. Batu balikuwa bangali banaimba ku kanisa. Mumurudishe.”

Nilitafuta, na nikamkuta. Hakupotea. Kwenye skrini ya programu saa yake ilikuwa sawa kabisa, tarehe yake pia. Lakini kwenye ripoti alihesabiwa mwezi wa 12, mwaka uliopita.

Acha niwaeleze, juu wengi wenu muna kosa hilo hilo kwenye programu zenu na hamujui. Wakati nilikuwa ninaandika TFC, kuna siku programu ilikataa kuunganika na MySQL. Ikatoa maneno mekundu kwamba haitambui majira ya saa ya seva. Kila mtu aliyetumia MySQL Connector/J 8 kwenye Windows ya Kifaransa anaikumbuka. Unatafuta kwenye intaneti, unapata jibu kwa dakika mbili: mwisho wa anwani ya database ongeza serverTimezone=UTC. Nikanakili, ikakubali, nikaenda kulala. Sikujiuliza UTC ni nini. UTC ni saa ya kulinganishia ya dunia nzima, na Bunia iko mbele yake kwa saa mbili. Basi kila mara programu ilipohifadhi saa ya mtoto, iliondoa saa mbili kabla ya kumpa MySQL. Na ilipoisoma tena, ilizirudisha. Kwa skrini, kila kitu sawa. Lakini ripoti ya mwezi niliitengeneza kwa kuhesabu moja kwa moja ndani ya database, na kule watoto wote waliozaliwa kati ya saa sita na saa nane usiku walikuwa watoto wa jana. Siku za katikati ya mwezi hakuna anayeona, jumla haibadiliki. Tarehe 1, mtoto anahama mwezi. Tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, anahama mwaka.

Ripoti ile ilikuwa inaenda kwa zoni ya afya. Kwa hiyo si mchezo wa darasani. Na kama si kitabu cha karatasi cha yule mama, ambacho mimi nilikuwa ninamwambia kila siku akiache, hakuna mtu angejua.

Sasa njo tufike kwenye sura ya tatu. Swali lake la kwanza ni: mipangilio ni nini? Jibu lake ni zuri kuliko yote niliyosoma shuleni. Mipangilio ni kile ambacho kinaweza kubadilika programu ile ile inapowekwa mahali pengine. Si kile ambacho programmeri anafikiri ni muhimu, wala si kile kinachofanana na “parametre”. Ni kile kinachotegemea mahali. Anwani ya database, jina na neno la siri la kuingilia, na vitu vya namna hiyo. Vile vingine, yaani namna programu inavyofanya kazi ndani yake, ni kode, vibaki ndani.

Weka mstari wangu ule mmoja mbele ya maelezo hayo. Ulikuwa na anwani: localhost. Ulikuwa na jina: root. Neno la siri: tupu, kama WampServer inavyolileta. Na majira ya saa: UTC. Vitu vine, na vyote vine vinategemea mahali. Tena majira ya saa ni mfano wetu sisi Wakongo hasa, juu nchi yetu ina majira mawili. Kinshasa iko mbele ya UTC kwa saa moja, sisi wa Ituri na mashariki yote kwa saa mbili. Kwenye orodha ambayo kompyuta zinatumia, kuna Africa/Kinshasa na kuna Africa/Lubumbashi. Bunia inafuata ile ya Lubumbashi. Kwa hiyo hata kama ningeacha UTC na kuandika Africa/Kinshasa kwa kufikiri “si ni nchi yetu?”, mtoto aliyezaliwa saa sita na nusu usiku bado angeenda jana. Hakuna thamani moja ya kufungia ndani ya programu ya Kongo ikawa kweli kwa Kongo yote.

Sura ile inatoa pia kipimo, nami ninakiona kikali sana. Inauliza: kode yako yote ikiwekwa wazi leo mbele ya watu, bila kubadili kitu, kuna siri itatoka? Kama iko, basi hukutenganisha.

Nilipokuwa ninasoma kipimo hicho nilicheka peke yangu, cheko la aibu. Wakati wa kurekebisha kosa la yule mtoto, nilikuta kwamba kode ya asili sina tena. Laptop ya TFC ilishakufa, na kle ya USB niliyowekea nakala sikuiona tena. Nilichokuwa nacho ni ile .jar tu, na mstari wenyewe ulishageuzwa kuwa lugha ya mashini ndani yake. Mnajua niliikuta wapi kode? Maktaba. Niliomba TFC yangu, nikafungua kurasa za mwisho, na pale kwenye nyongeza nilikuwa nimechapa kode karibu yote, kama sisi wote tulivyofanya ili kitabu kiwe kinene. Nikakaa na kuandika upya kutoka kwa karatasi. Na ukurasa ule ule ulikuwa unamwambia kila msomaji wa maktaba jina na neno la siri la kuingilia kwenye database ambayo, siku ile, ilikuwa na majina ya wamama halisi wa mji huu. Kwa sababu maternite ilikuwa bado inatumia root bila neno la siri. Wangelibadilisha namna gani? Programu yangu ingekataa kufunguka, na hapakuwa mahali pa kuiambia neno jipya.

Hapo njo nilielewa kitu ambacho sura ile inakipitia haraka. Mipangilio iliyofungiwa ndani si usumbufu tu wa programmeri. Inamnyima mwenye nyumba ufunguo wa nyumba yake. Maternite ilikuwa na mashini yake, umeme wake wa sola, database yake, wagonjwa wake. Lakini kubadilisha neno la siri, kuhamisha database kwa mashini nyingine, kurekebisha saa, yote yalipita kwangu. Kama ningekuwa nimeondoka kwenda Kampala au Kisangani, kama wengi wetu walivyoondoka katika miaka hii ya vita, wangefanya nini? Mmoja wetu ataniambia: “Wangetafuta mwingine aandike programu mpya.” Njo kweli kabisa. Na njo maana mji huu umejaa programu zilizokufa pamoja na simu ya aliyeziandika.

Basi nimeisifu. Sasa mahali ninapoipinga.

Baada ya kusema mipangilio itoke nje ya kode, sura ya tatu inasema iende wapi: kwenye variabo za mazingira. Kwa asiyezijua, ni majina na thamani ambazo sistemu yenyewe inahifadhi na kuipatia programu inapofunguka. Sura inakubali kwamba kuweka mipangilio kwenye faili la pembeni ni hatua kubwa mbele, lakini inalilaumu faili kwa mambo mawili: ni rahisi kulituma kwa bahati mbaya pamoja na kode, na mafaili hayo huwa yanatawanyika huku na huku, kila moja na muundo wake.

Lawama zote mbili ni za kweli. Lakini angalia zimetoka wapi. Heroku ni kampuni inayoweka programu za watu kwenye seva zake. Kule variabo za mazingira zina mlinzi: kuna ukurasa wa kuziandikia, zinahifadhiwa, mashini ikifa nyingine inafunguka na variabo zile zile. Mlinzi yuko, njo maana ushauri ni mzuri. Ukiuchukua ushauri huo bila mlinzi wake na kuuleta kwenye mashini moja ya mapokezi hapa Bunia, umeleta nusu tu.

Mimi nilijaribu. Toleo langu la pili, baada ya kusoma sura hii kwa moyo wote, lilisoma kila kitu kutoka kwa variabo za mazingira za Windows. Nilizijaza mwenyewe, katika lile dirisha dogo ambalo lazima upite milango mine kulifikia. Programu ikaenda vizuri. Kisha siku moja mashini ikashikwa na virusi, wakaita kijana wa kompyuta, akafanya kazi yake kwa uaminifu: akanakili folda ya programu, akanakili database, akaformata, akarudisha vyote. Programu haikufunguka. Hakukosea kitu. Aliangalia ndani ya folda zote, na kile kilichokosekana hakikuwa ndani ya folda yoyote. Ungemwambia achukue kitu ambacho hakionekani?

Faili linaonekana. Kwa mahali kama petu, jambo hilo peke yake linatosha kunigeuza. Faili unaweza kulinakili kwenye kle, kulichapa, kuliweka ndani ya bahasha. Unaweza kuandika ndani yake, juu ya kila mstari, maelezo ya Kifaransa chepesi: “Hapa weka anwani ya mashini yenye database.” Variabo haina mahali pa kuandika maelezo. Tena variabo za mazingira zinarithiwa na programu ndogo zote zinazofunguliwa na ile kubwa, na mara nyingi zinajikuta zimechapwa zote kwenye maandishi ya makosa, neno la siri likiwemo. Faili unaweza kulifungia, asome mmoja tu.

Na kuhusu kutawanyika, watu wa zamani walishalijibu. Kwenye Unix na Linux mipangilio ya mashini inakaa /etc, na kanuni ya kupanga mafolda ambayo Linux zinafuata tangu miaka ya 1990 inasema hivyo wazi. Si kila programu na kona yake. Wenye Debian au Ubuntu mumeona pia swali lile linalokuja katikati ya kusasisha: faili hii ulishaibadilisha, nasi tunaleta mpya, tuweke yetu au tuache yako? Na usipochagua, inaacha yako. Mimi nilikuwa ninachukia swali hilo, ninabonyeza tu ili lipite. Sasa ninaliona ni heshima. Mtengenezaji anapiga hodi kabla ya kuingia chumbani kwako.

Mfano mzuri zaidi uko karibu nasi, na wengi wa ukurasa huu wanaufungua kila siku kazini: DHIS2. Ni ile programu ya takwimu za afya iliyotoka kwa Chuo Kikuu cha Oslo, na ripoti za zoni zetu za afya zinaingia humo. Ukiitazama kwa upande wa seva, inakuja kama kifurushi kimoja, faili la .war, sawa kwa Kenya, kwa Tanzania, kwa sisi. Hakuna jina la nchi ndani yake. Pembeni kuna faili dogo la maandishi, dhis.conf, na variabo moja tu ya mazingira, DHIS2_HOME, inayosema folda ya faili hilo iko wapi. Ndani ya dhis.conf kuna anwani ya database, jina, neno la siri na mambo mengine machache. Toleo jipya likitoka, unabadilisha .war, dhis.conf haiguswi. Maelezo yao yanashauri faili hilo lisomwe na mwenye seva peke yake.

Linganisha na mazoea yetu ya Tomcat. Nimeona, na nimefanya, hivi: unafungua folda ambayo Tomcat imeikunjua kutoka kwa .war, unarekebisha anwani mle ndani, inaenda vizuri. Miezi sita baadaye mtu analeta .war mpya kwa kle. Tomcat inafuta folda ya zamani, inakunjua mpya, na rekebisho lako limeenda nayo. Kilicho kibaya zaidi ni kwamba programu inaweza kufunguka vizuri, ikiwa imerudia anwani ya majaribio ya programmeri. Watu wanaingiza kazi ya siku nzima kwenye database ya mazoezi, na hakuna maneno mekundu. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko programu kukataa. Programu isiyoona mipangilio yake ikatae kufunguka, iseme kwa maneno ya kueleweka: “Sioni faili fulani, mahali fulani.” Mama wa mapokezi ataandika kwa karatasi siku hiyo na kumpigia mtu simu. Hasara yake ni siku moja, na anaijua. Sura ya tatu hailisemi jambo hili kabisa, na ninaona ni pengo.

DHIS2 inafundisha pia upande wa pili, ambao wapenda kutenganisha huwa wanausahau. Ndani ya dhis.conf kuna mstari unaoitwa encryption.password, neno la siri la herufi 24 au zaidi, ambalo programu inatumia kufunga data zile ambazo wenyewe wamechagua zifungwe. Ukilibadilisha au kulipoteza baada ya data kufungwa, data hizo hazifunguki tena. Database unayo yote, nakala zake zote unazo, na hazikusaidii. Maana yake: ukitoa ufunguo nje ya nyumba, lazima useme nani anaushika. Nimekuta seva inayofanyiwa nakala ya database kila usiku, vizuri kabisa, na faili la mipangilio halijawahi kunakiliwa hata mara moja. Kutenganisha bila kutunza ni kuhamisha hatari tu, kutoka mahali unapopajua kwenda mahali usipopajua.

Kuna kosa moja la mwisho, na hili ni la wale ambao walishaelewa somo na wakalipitisha kipimo. Baada ya kugundua faili la pembeni, wanatupa humo kila kitu. Mwenzetu mmoja alinionyesha kwa furaha programu ya depo la dawa, na kiwango cha dola kiko kwenye faili la mipangilio. Nikamuuliza: “Yaya, dola ikipanda mchana, nani anafungua hiyo faili?” Akasema: “Mimi.” Basi hajatoka bado. Kiwango cha dola hakitegemei mahali, kinategemea siku. Kinapaswa kukaa ndani ya database, na tarehe yake, ili ankara ya juzi ibaki na kiwango cha juzi, na mwenye duka akibadilishe mwenyewe kwa skrini. Ninagawa hivi sasa: kisichobadilika ni kode, kinachobadilika kwa mahali ni mipangilio, kinachobadilika kwa siku ni data. Ukichanganya viwili kati ya hivyo vitatu, kuna mtu ambaye atalazimika kukungojea.

Maternite iko na toleo la tatu sasa. Faili ya mipangilio ina mistari saba ya kweli, na kila mmoja una maelezo juu yake. Inakaa C:\ProgramData, si ndani ya folda ya programu, ili .jar mpya isiiguse. Bila faili hiyo programu haifunguki, na inasema kwa nini. Majira ya saa ni mstari wa sita: Africa/Lubumbashi. Kabla ya kubadilisha mstari huo nilifanya nakala ya database, kisha nikaongezea saa mbili kwa kila uzazi wa zamani, mara moja tu, na tukalinganisha na kitabu, mimi na yule mama, mwezi kwa mwezi. Ilituchukua siku mbili. Watoto wanane wa usiku walibadilisha siku. Mmoja tu alibadilisha mwaka. Nakala ya faili iliyochapwa iko ndani ya bahasha iliyobandikwa, kwenye kabati la ofisi, na sahihi ya watu wawili juu yake. Neno la siri walilichagua wenyewe, mimi silijui.

Kitabu cha karatasi mama bado anakiandika. Sikumwambia tena akiache.

Ninamalizia kwa ombi, hasa kwa wale kati yenu ambao leo munakaa kwenye juri. Siku ya kudefanda tunauliza kuhusu Merise, tunauliza kuhusu UML, tunahesabu makosa ya Kifaransa ukurasa kwa ukurasa. Mtahiniwa anafungua laptop yake, localhost, root, kila kitu kinaenda, tunapiga makofi. Ongezeni swali moja. Mwambieni aweke programu yake kwenye mashini ya juri, yenye neno la siri lingine na saa iliyowekwa kwa Kinshasa, bila kufungua NetBeans. Mumpe dakika kumi. Akiweza, programu yake inaweza kutoka chuoni na kwenda kuishi kwa watu. Asipoweza, apewe alama zake za Merise, lakini tusimwambie kwamba amemaliza kazi.

Mimi wakati wangu nisingeweza. Na walinipa makumi nane kwa mia.